Saa ndefu ya kabati imesimama baada ya kuhamishwa: mwongozo kamili wa kuisimika upya

Maswali ninayoulizwa kuhusu saa hizi karibu yote ni lile lile. Mtu kanunua saa ya kale mnadani Uingereza au Wales, au kaachiwa na mwenye nyumba wa zamani. Kaileta kwake, kaisimamisha sebuleni, kasukuma pendulamu. Saa ikaenda dakika chache, ikanyamaza. Akasukuma tena, ikanyamaza tena. Kuanzia hapo akaingia na mafuta ya cherehani, akakunja hiki na kunyoosha kile, mpaka saa iliyokuwa nzima ikawa mbovu kweli.

Saa iliyotembea miaka 200 na ushee haiharibiki kwa kupandishwa gari. Ikisimama baada ya kuhamishwa, kwanza shuku mambo mawili: kabati linacheza, au mapigo hayalingani. Yote mawili unaweza kuyatengeneza mwenyewe kwa mchana mmoja, mradi ufuate mpangilio. Ukianza na mapigo kabla ya kabati, utarudia kazi yote.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kugusa chochote

- Pima maji ndogo.
- Kabari nyembamba za mbao ngumu. Karatasi iliyokunjwa haifai, kwa sababu hubonyea taratibu na saa ikahama bila wewe kujua.
- Kipande cha mbao chenye unene sawa na ule ubao unaozunguka chini ya kuta zako.
- Skrubu ndefu, plagi za ukutani, drili, na kifaa cha kutambua nyaya na mabomba ndani ya ukuta.
- Tochi, penseli na tepu ya karatasi.
- Glavu za pamba. Jasho la vidole huacha madoa kwenye shaba.
- Ufunguo wa saa unaokamata vizuri. Ukilegea utakula pembe za mhimili.
- Mtu wa pili, walau kwa nusu saa ya mwanzo.

Mafuta hayamo kwenye orodha, na si kwamba nimeyasahau.

## Hatua ya 1: Ijue saa uliyonayo

Tazama usoni. Ukiona matundu mawili ya ufunguo, yaelekea ni saa ya siku nane: ina mawe mawili ya uzito, moja la mwendo na moja la kengele. Ukitazama kwa mbele, tundu la kulia kwa kawaida ni la mwendo na la kushoto ni la kengele.

Isipokuwa na matundu, ni saa ya siku moja, inayokaa kama saa 30 kabla ya kuisha nguvu. Ina jiwe moja kwenye kamba au mnyororo usio na mwisho, na hujazwa kwa kuvuta kamba hiyo kila siku. Saa za aina hii zilienea sana vijijini, Wales na Uingereza kwenyewe. Usiamini matundu pekee: baadhi ya saa za siku moja ziliwekewa matundu ya uongo ili mgeni adhani mwenye nyumba ana saa ya siku nane. Fungua mlango wa kabati uhesabu mawe.

Kisha jina. Kwenye uso wa shaba jina la fundi huchongwa. Kwenye uso mweupe huandikwa kwa rangi, na hapo ndipo wengi hupotea. Osborne na Wilson wa Birmingham walianza kutangaza nyuso nyeupe za chuma mwaka 1772, na baada ya hapo mafundi wa kila mji wakawa wananunua uso uliokwisha pakwa rangi na kuandikisha jina lao. Nyuma ya uso wa namna hiyo mara nyingi kuna bamba la chuma lenye jina lililosubiwa. Ukisoma "Wilson" hapo, umempata aliyetengeneza uso, hujampata aliyetengeneza saa. Na katika karne ya 19 hata jina la mbele huenda ni la muuzaji tu.

Namba nayo isikupite. Samuel Roberts wa Llanfair Caereinion, katikati ya Wales, alizipa saa zake namba na kuziorodhesha katika daftari ambalo limesalia. Saa ya kijijini yenye namba ya fundi kama huyo inaweza kufuatiliwa kuliko saa nyingi za kifahari za London. Ukiona jina la Thomas Tompion, fundi mashuhuri wa London, usishangilie bado. Majina makubwa yalighushiwa sana.

Onyo. Usisugue uso kwa dawa ya kung'arishia shaba. Ule mviringo wenye namba kwenye saa za shaba umepakwa fedha nyembamba mno, na msuguo mmoja huiondoa. Uso mweupe usiupanguse kwa kitambaa chenye maji: rangi ya maua hukaa, lakini wino wa jina hutoka. Ukishatoka, sehemu ya thamani ya saa imetoka nao.

## Hatua ya 2: Chagua mahali

Tafuta ukuta imara wa ndani, mbali na hita, jua la dirishani na mlango unaobamizwa. Joto kavu hupasua mbao za kabati na kulegeza gundi ya zamani. Pembeni mwa chumba ni pazuri, kwani sakafu ya mbao huwa haichezi sana karibu na kuta. Ruka ruka kidogo mahali hapo. Vyombo kabatini vikilia, tafuta pengine.

## Hatua ya 3: Kaza kabati ukutani

Hii ndiyo hatua watu wanayoiruka, nami sitaipitia haraka.

Pendulamu ya saa hizi ina urefu wa takriban sentimita 99.4 kwa hesabu ya kitaalamu, na kila pigo ni sekunde moja kamili. Nguvu inayoisukuma ni ndogo mno. Kabati likiyumba hata kwa unene wa kucha, nguvu hiyo inaishia kwenye mbao na pendulamu inabaki na njaa.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wengi. Saa ya siku nane hujazwa, tuseme, Jumapili, ikaenda vizuri, halafu Alhamisi au Ijumaa ikasimama yenyewe. Ukiijaza inaenda tena, hadi wiki inayofuata siku zile zile. Watu husema ni pepo. Ukweli ni kwamba kufikia siku hizo mawe yameshuka hadi usawa wa sahani ya pendulamu, ile sehemu nzito ya mviringo iliyo chini ya fimbo yake. Sasa jiwe linaning'inia kwenye uzi wenye urefu unaokaribia ule wa pendulamu, kwa hiyo linataka kubembea kwa mwendo ule ule. Kabati linalocheza hulipelekea mtikisiko, jiwe linaanza kubembea, na kila linapobembea linainyonya pendulamu. Fungua mlango siku hiyo umulike tochi: utaliona jiwe likicheza taratibu kama linaitikia. Kulitibu hakuhitaji fundi. Kaza kabati.

Fanya hivi:

1. Ondoa kichwa cha kabati, ile sehemu yenye kioo. Kwa kawaida huteleza kuja mbele. Kama mashine imo ndani, mwenzako aishike (sababu iko hatua ya 4).
2. Simamisha kabati mahali pake. Ule ubao wa chini ya ukuta utaliweka mbali na ukuta, na pengo hilo ndilo linalojazwa na kipande chako cha mbao, juu, nyuma ya mgongo wa kabati.
3. Sawazisha kwa kabari chini ya kitako, kushoto na kulia kwanza, kisha mbele na nyuma. Kama kuna zulia lililotandazwa hadi ukutani, jihadhari: ukanda wa misumari unaolishika hukaa pembezoni na hulifanya kabati liegemee mbele.
4. Tafuta matundu ya zamani kwenye ubao wa mgongo, juu. Karibu kila saa inayo, maana wenyewe waliotutangulia walifanya jambo hili hili. Tumia hayo, usitoboe mapya.
5. Pima ukuta kama hauna nyaya wala mabomba, toboa, tia plagi, pitisha skrubu kwenye mgongo wa kabati na kile kipande cha mbao, ukaze hadi kabati litulie. Usikaze hadi mgongo upinde.

Umefaulu ikiwa: unasukuma bega la kabati kwa kiganja na halijibu kitu. Zaidi ya saa kwenda vizuri, umeondoa pia hatari ya kabati zito juu kumwangukia mtoto.

## Hatua ya 4: Mashine na mawe

Mashine hukaa juu ya ubao wake, na ubao hukaa juu ya mbavu mbili za kabati. Iweke taratibu, kisha usiiachie. Uso ni mzito na uko mbele. Bila mawe ya kuivuta chini, mashine isiyofungwa kwa skrubu inaweza kupinduka kuja usoni pako. Mtu mmoja aushike uso hadi mawe yaning'inie.

Kabla ya kutundika, tazama nyuzi. Kila uzi uwe umelala kwenye mifereji ya ngoma yake, mzingo kwa mzingo bila kupandana, kisha uingie kwenye kapi. Uzi uliochakaa, wenye vinyweleo au mafundo, ubadilishwe leo. Jiwe la saa ya siku nane huwa na kilo 5 hadi 6 na zaidi kidogo, na likikatika hutoboa sakafu ya kabati.

Tundika mawe taratibu, moja moja. Kama hayana uzito sawa, lile lililokuwa upande fulani lirudi upande ule ule. Mengi ni ya risasi, kwa hiyo nawa mikono ukimaliza.

Kwa saa ya siku moja, jiwe hukaa kwenye kapi, na upande wa pili wa kamba kuna pete ndogo nzito inayoikaza. Pete hiyo ikipotea kamba huteleza na saa haijai.

## Hatua ya 5: Ning'iniza pendulamu

Juu ya pendulamu kuna ukanda mwembamba wa chuma, na juu ya ukanda kuna kipande kidogo cha shaba. Kipitishe kutoka chini, nyuma ya mashine, kipite kwenye uma (ule mkono mwembamba unaoshuka nyuma ya mashine na kuisukuma pendulamu), kisha kipandishe hadi kikae kwenye mfereji wa kishikio cha nyuma. Mwenzako amulike kutoka pembeni.

Ukanda huo ndio kitu dhaifu kuliko vyote ndani ya kabati. Usiinue pendulamu kwa kuipinda, wala usiisafirishe ikiwa imening'inia. Ukishajikunja hata kidogo, sahani itakuwa inajinyonganyonga huku inabembea. Ukanda mpya ni bei rahisi. Badilisha, usijaribu kuunyoosha.

Umefaulu ikiwa: pendulamu inabembea kwenye mstari mmoja bila kujizungusha, uma unaishika kwa nafasi ndogo tu bila kuibana, na sahani haigusi mgongo wa kabati wala mawe.

## Hatua ya 6: Sawazisha mapigo

Isukume pendulamu uisikilize. Saa yenye afya husema tik, tak, tik, tak kwa nafasi sawa. Saa itakayosimama huchechemea: tik-tak, kimya, tik-tak, kimya. Nanga iliyo juu ya gurudumu la meno inaachia jino mapema upande mmoja na kuchelewa upande mwingine, na upande wa kuchelewa ndio unaoiua.

Sikio peke yake hudanganya, hasa ukiwa umechoka, kwa hiyo pima.

Bandika tepu ya karatasi kwenye mgongo wa kabati, nyuma ya ncha ya chini ya pendulamu. Iache itulie kabisa, utie alama katikati. Sasa ivute kwa kidole kwenda kushoto polepole sana hadi usikie tik, uweke alama. Irudishe, uivute kulia hadi usikie tak, uweke alama. Umbali mbili hizo kutoka katikati zinatakiwa kulingana.

Zisipolingana, mwelekeo wa kurekebisha ndio watu wanaoukosea. Ukitazama kwa mbele: kama ilibidi uende mbali zaidi kushoto kabla ya kusikia pigo, uma unakunjwa kidogo kwenda kulia. Kama mbali ni kulia, unakunjwa kushoto. Kwa maneno mengine, uma unakwenda upande ambao pigo lilikuja mapema.

Ukiwa na wasiwasi, jaribu kabla hujakunja. Legeza ile skrubu ya ukutani kidogo, telezesha sarafu chini ya kona ya kulia ya kitako, usikilize. Mapigo yakipata nafuu, uma utakunjwa kulia, yaani upande ulioinuliwa. Yakizidi kuchechemea, ni kushoto. Toa sarafu, kaza skrubu, ndipo ukunje.

Namna ya kukunja: shika sehemu ya juu ya uma, karibu na mhimili, kwa vidole vya mkono mmoja ili isisogee. Kwa mkono mwingine pinda fimbo ya uma katikati yake, kidogo tu. Pima tena. Pinda tena kama inahitajika.

Onyo. Usiukunje uma kwa kuisukuma pendulamu. Nguvu yote itapanda hadi kwenye nanga na meno ya gurudumu, na jino lililopinda ni kazi ya fundi, tena ya gharama.

Umefaulu ikiwa: alama mbili ziko umbali sawa, na pendulamu ikibembea yenyewe inazipita zote mbili kwa ziada inayoonekana. Ikizifikia kwa shida tu, mapigo yako ni sawa lakini nguvu haifiki. Nenda sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

## Hatua ya 7: Mishale, kengele, tarehe

Nikisema XII namaanisha namba ya juu usoni, ile ya saa sita.

Zungusha mshale wa dakika kwenda mbele, na kila ukifika XII ngoja kengele imalize. Usiurudishe nyuma kupita XII. Kama saa iko mbele kidogo, simamisha pendulamu ungoje wakati uifikie.

Kengele ikigonga idadi isiyolingana na mshale, kwenye saa nyingi za siku moja si ubovu. Zinahesabu kwa gurudumu lenye mapengo, nalo halijui mshale uko wapi. Inua taratibu kitaya kinachoingia kwenye mapengo hayo, igonge, na uendelee hadi idadi ifanane na saa iliyopo.

Saa nyingi za siku nane hujipangia idadi zenyewe, lakini zina tabia yake: ukijaza upande wa mwendo na kuuacha wa kengele uishe, mashine inaweza kukwama kati ya XII na I. Jaza pande zote mbili, hata kama kelele za usiku zinakukera.

Kujaza saa ya siku nane ni kama mizunguko 14 kwa wiki kila upande, kwa sababu ngoma huzunguka mara moja kila saa 12. Ukikaribia mwisho punguza kasi, kapi lisigonge ubao.

Tarehe na mwezi wa angani usivilazimishe karibu na usiku wa manane kwa mujibu wa saa yenyewe. Wakati huo meno yameshikana. Ukihisi ukaidi, sogeza mshale mbele saa chache ndipo ujaribu tena.

## Hatua ya 8: Rekebisha kasi

Iache itembee siku nzima, ndipo ulinganishe na simu. Inachelewa? Pandisha sahani kwa nati iliyo chini yake. Inawahi? Ishushe. Shika sahani kwa mkono mmoja unapozungusha nati, ukanda usijinyonge.

Milimita moja ya urefu ni takriban sekunde 43 kwa siku, kwa hiyo nusu mzunguko wa nati si kitu kidogo. Rekebisha, ngoja saa 24, tazama. Anayegeuza nati kila baada ya saa moja hatafika.

Ukibaki na dakika moja kwa wiki, acha hapo. Fimbo ya chuma hurefuka kwa joto, na tofauti ya nyuzi 10 za Selsiasi pekee hukuletea kama sekunde 5 kwa siku. Wakati wa baridi, hita zikiwashwa, itabadilika tu.

## Ikisimama tena

Tazama imesimama lini na wapi.

Baada ya dakika chache: rudi hatua ya 6. Siku ya nne au ya tano baada ya kujazwa: rudi hatua ya 3. Daima mishale inapokutana: inagusana, au wa dakika unagusa kioo, mulika kwa ubavu utaona. Kati ya XII na I: upande wa kengele umeisha.

Kabati limetulia, mapigo yamelingana, lakini pendulamu inabembea kwa uchovu? Chunguza matundu ambamo mihimili inazunguka. Ukiona mafuta meusi au ya kijani yaliyoganda, mashine inahitaji kufunguliwa na kusafishwa. Kuongeza mafuta juu ya uchafu hutengeneza tope la kusagia shaba. Dawa za kupuliza za kulainisha bawaba ni mbaya zaidi. Hata mashine safi hutiwa tone dogo la mafuta ya saa kwenye mihimili tu, kamwe si kwenye meno ya magurudumu.

Hapo mtafute fundi. Kwa walioko Uingereza, British Horological Institute, iliyoanzishwa mwaka 1858, ni pa kuanzia. Kabati liache nyumbani. Toa pendulamu kwanza, kisha mawe huku mwenzako akishika uso. Nyuzi zisiachwe zilegee: zifunge zikiwa zimekazwa. Mpelekee fundi mashine ikiwa na uso na ubao wake, pamoja na pendulamu, mawe, kapi na ufunguo, kwa sababu ataijaribu siku kadhaa kwenye karakana yake, na kwa pendulamu au mawe ya saa nyingine majaribio hayo hayamwambii kitu kuhusu yako.